Diploma ya Wazee

Mpwa wangu Henri Tshilombo alirudi kutoka Ubelgiji mwezi wa nne mwaka 1958, na masanduku mawili, kofia moja, na diploma iliyofungiwa ndani ya bomba la bati ili isilowe. Tulikuwa tumemngojea miaka mitatu. Mama yake, dada yangu mkubwa Mbelu, alikuwa amewaambia wanawake wa sokoni Manika kwamba mwanawe anasomea udaktari. Na wanawake wa soko la Manika, ambao huongeza maji kwenye mafuta na chumvi kwenye habari, walimfanya kwanza daktari, kisha daktari wa kupasua, na kufikia Pasaka alikuwa daktari wa mfalme.

Jumapili ya kwanza baada ya misa tukajaa uani kwa Mbelu. Watu walikuja na magonjwa yao. Mama mmoja alileta mtoto mwenye koo lililovimba. Numbi wa karakana alikunja suruali akatoa goti. Mimi nilikaa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mgongo, kwa sababu katika ukoo huu mtu wa hospitali ni mimi. Jina langu ni Stanislas Mulumba, na kazi yangu Wazungu wanaiita garde-malade, mlinzi wa wagonjwa. Nimewalinda miaka ishirini na tano katika hospitali ya kambi. Nimewaosha, nimewachoma sindano, nimewafumba macho, yote bila diploma, na waliokufa hawakufa kwa kukosa diploma yangu.

Henri akamtazama mtoto, akasema si tawi lake. Akalitazama goti, nalo akasema si tawi lake. Alikuwa amevaa koti la sufu kwenye jua la saa saba, jasho linamchuruzika, na hakulivua kwa sababu lilitoka Bruxelles. Mwishowe Mbelu, ambaye uso ulikuwa umeanza kumshuka, akamwuliza mbele ya watu tawi lake ni lipi basi. Henri akafungua bomba la bati, akakunjua karatasi, akasoma kwa Kifaransa, halafu akatuonea huruma akatueleza kwa Kiswahili. Alikuwa amesomea kutunza wazee.

Kumbe padri wa misheni aliyemwombea nafasi aliandika barua kwa kila nyumba ya wagonjwa aliyoijua huko Flandre, upande mmoja wa Ubelgiji, na nyumba iliyojibu ilikuwa ya masista wanaofuga wazee. Nasema kufuga kwa sababu ndivyo Henri alivyotueleza: vitanda mia na ishirini, wazee mia na ishirini, supu saa kumi na moja jioni. Mwaka wa kwanza alidhani wazee ni somo la mwanzo tu. Mwaka wa pili wakaja wazee wengine. Mwaka wa tatu alikuwa hodari kuliko masista, na hakuna aliyemwinua mzee kutoka kitandani kwa upole kama yeye.

Mbelu akauliza.

"Bale bazee, habana batoto?"

"Beko nabo, mama. Mutu na batoto sita, saba."

"Na batoto beko bazima, banalipa batu bengine banawishe baba yabo?"

Henri akasema ndiyo. Wanawake wawili walifanya ishara ya msalaba. Mama wa yule mtoto wa koo alimbeba mwanawe akaondoka bila kuaga, na kuku aliyekuja naye akaondoka naye.

Jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisema ni kwamba Kolwezi haikuwa na wazee. Huu ni mji wa shaba. Kampani ya migodi ilileta vijana, na kijana akifika miaka hamsini ilimpa karatasi ya shukrani, blanketi, na tiketi ya gari la moshi ya kumrudisha kwao. Asiye na kazi hana nyumba kambini. Mama yako akija kukutembelea anapewa kibali cha mwezi mmoja, na siku ya thelathini na moja askari wa kambi anakuja kumhesabu. Kwa hiyo makaburini kwetu tulizika watoto wachanga, wanawake waliokufa wakizaa, na wanaume wenye nguvu zao. Mzee hatukuwahi kumzika. Henri alikuwa amevuka bahari kwenda kujifunza kutunza kitu ambacho kwetu kilikatazwa.

Hata hivyo aliangaza macho uani akitafuta mmoja, maana mtu na kazi yake. Macho yake yalipita kwa Numbi, yakapita kwa baba zake wadogo, yakasimama kwenye masikio yangu. Alisema kwa sauti ya kitaalamu kwamba masikio ya binadamu hayaachi kukua hadi kufa, na ukiyasoma vizuri yanakuambia mengi. Mimi nikavaa kofia yangu, nikakumbuka kwamba nina zamu.

Nilikuwa na sababu. Mwaka 1927, mtu wa kuandikisha vibarua alipofika kwetu Kasai, alitaka vijana wa miaka kumi na minane na zaidi. Mimi nilikuwa na kumi na mitano na njaa. Nikasema nina kumi na tisa. Akaninyanyua mkono akaangalia kwapa, akanifungua mdomo akaangalia meno, akaandika kwenye kitabu changu cha kazi: kuzaliwa, yapata 1908. Siku ile nilijiona mjanja kuliko Mzungu. Sasa ule ujanja ulikuwa umekomaa. Kitabu kilisema mwaka huu ninatimiza hamsini, wakati mimi mwenyewe, kwa hesabu ya mama yetu aliyenizaa, nilikuwa na arobaini na sita.

Na Kasai ningekwenda kwa nani? Kaka zangu walikufa. Shamba letu liligawanywa kabla sijaota ndevu. Mke wangu Kabedi amelala hapa Kolwezi pamoja na watoto wetu wawili, na binti aliyebaki, Tshibola, ameolewa hapa kambini na tumbo lake la kwanza lilikuwa la miezi minne. Kasai niliijua kama ninavyoijua mbingu, kwa kusimuliwa. Niliogopa. Sioni haya kulisema. Niliiogopa ile tiketi kuliko nilivyoogopa kifua kikuu.

Mtu pekee aliyejua hofu yangu alikuwa jirani yangu Omer Kisimba, mtu wa upande wa Kabongo, aliyeshika mashine ya kutoboa mwamba shimoni. Yeye hakuwa na wasiwasi wa vitabu. Alikuja Kolwezi mwaka 1937 na cheti cha ubatizo cha mapadri, siku, mwezi na mwaka, kwa hiyo kila mtu alijua ana miaka arobaini na mmoja, mitano pungufu yangu. Alikohoa sana, lakini shimoni nani hakohoi. Ni yeye aliyenipa kopo la sirage, ile dawa nyeusi ya viatu, nipake mvi zangu.

"Paka kidogo kidogo," aliniambia, akicheka mpaka kikohozi kikamkata. "Ukipaka mingi, batasema kichwa yako iko kiatu."

Mkewe Valérie ndiye aliyenipaka kisogoni, ambako mkono wangu haukufika. Nilirudi zamuni kijana.

Henri, kwa upande wake, aliripoti kazini hospitalini kwetu na bomba lake la bati. Daktari Hendrickx, mkuu wetu, aliisoma diploma mara mbili. Haikuwa diploma ya wenyeji, kwa hiyo haikuingia kwenye daraja la wenyeji. Ilikuwa diploma ya Ulaya, lakini mwenyewe hakuwa wa Ulaya, kwa hiyo haikuingia kwenye daraja la Wazungu pia. Na hospitali ya Wazungu, ng'ambo ya miti, haikuruhusu mkono mweusi kumgusa mgonjwa mweupe, ingawa mkono huohuo ulikuwa umewageuza wazungu mia na ishirini kila asubuhi kwa miaka mitatu. Daktari akafikiri, akampeleka kupima uzito wa watoto wachanga. Mtaalamu wa wazee akakabidhiwa watu wa miezi miwili. Aliwakata kucha vizuri sana.

Tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka mwezi wa nane.

Mwezi wa nane bei ya shaba ilikuwa imeanguka huko wanakoipanga, na Kampani ikataka kupunguza watu. Njia rahisi ilikuwa kuwaondoa waliopita hamsini. Lakini ofisi ilijua kwamba vitabu vyetu vimejaa uongo, nusu wa vibarua waliojiongeza miaka ili waajiriwe, na nusu wa makarani waliokisia kwa kuangalia makwapa. Ndipo Daktari Hendrickx akakumbuka kwamba anaye, kwenye mizani ya watoto, mtu mmoja katika Katanga nzima aliyesomea kuutambua uzee.

Henri alipewa chumba, meza, koti jeupe jipya, na karani wa kuandika. Kila mwanaume wa kambi aliyedhaniwa kupita miaka thelathini na mitano alitakiwa kupita mbele yake. Hapo ndipo niliacha kucheka. Kisha nikaona nuru, maana mfa maji haachi kutapatapa: kama kitabu changu kinadanganya, na mtu wa kukisahihisha ni mtoto wa dada yangu, basi Mungu amenikumbuka. Nilimpelekea Mbelu kuku wawili. Nilimwambia sihitaji upendeleo, nahitaji ukweli tu, arobaini na sita. Mbelu akaongea na mwanawe, akarudi na jibu kwamba Henri amesema sayansi haina mjomba. Nilijibu kwamba sayansi haijala ugali wangu miaka kumi na miwili, yeye ameula. Lakini nililala vizuri, kwa sababu ukweli ulikuwa upande wangu.

Zamu yangu ilifika katikati ya mwezi wa tisa, wakati joto linapokaba kabla ya mvua. Juu ya meza ya Henri palikuwa na jedwali alilokuja nalo kutoka kwa masista, alama kumi na mbili za uzee, kila moja na namba zake. Alinipa mpira wa kubana kwa mkono, akasoma sindano ya kipimo kilichounganishwa nao. Alinikalisha kwenye kiti akaniambia nisimame bila kushika popote. Magoti yangu yakalia. Alifinya ngozi ya mgongo wa mkono wangu akahesabu sekunde hadi ilipolala. Alinitazama duara la jicho kwa taa. Halafu akachukua pamba, akanipangusa shingo taratibu kama alivyofundishwa, na pamba ikatoka nyeusi. Sirage ilikuwa imeyeyuka, imeshuka hadi kwenye kola. Akaitupa ile pamba ndooni.

Akajumlisha. Akajumlisha tena.

"Mujomba," alisema, "uko na myaka makumi saba na mbili."

Nilidhani anatania. Henri hajawahi kutania tangu azaliwe.

"Mama yako Mbelu ni yaya yangu," nikamwambia. "Ananipita myaka ine. Kama mi niko na makumi saba na mbili, yee iko na ngapi? Na weye alikuzala na myaka ngapi?"

Nikamwona anapiga hesabu kichwani. Midomo ilitikisika. Yeye alikuwa na ishirini na saba, kwa hiyo mama yake alimzaa akiwa na arobaini na tisa, na baada yake alizaa wengine watatu. Aliufikia mwisho wa hesabu, akaona kilichokuwa pale, akarudi kwenye jedwali kama mtoto anayerudi kwa mama yake. Alisema jedwali lilipimwa juu ya watu elfu mbili wa Flandre, wakulima, wafumaji, masista, na halikosei zaidi ya miaka mitatu. Akamwambia karani aandike.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilimchukia. Nilikichukia kijana kile, koti lake, na bomba lake la bati.

Lakini baada yangu alikuja Numbi wa karakana, mwenye thelathini na mitano, akatoka na sitini na mmoja. Akaja dereva wa lori, mwenye arobaini, akatoka na sitini na tisa. Wale waliobeba zege kwenye bwawa la Nzilo walitoka na sabini wote, kana kwamba wamezaliwa siku moja. Omer alipobana mpira ule sindano haikusogea, na alipoinuka kwenye kiti alisimama nusu akakaa tena. Henri alimpa themanini na mmoja. Omer alitoka akicheka, akatuambia kwamba amempita babu yake.

Kwa majuma mawili Henri aliwapima watu mia nne, na mia tatu na sitini wakawa wazee. Aliiandika taarifa yote kwa mwandiko wa masista, akatia sahihi na jina refu la diploma yake chini, akaipeleka mwenyewe kwa Daktari Hendrickx. Mimi nilikuwa chumbani mle nikipanga vyombo kwenye sinia, na mtu anayepanga vyombo haonekani.

Daktari alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Wa pili akaketi. Kampani ilitaka kupunguza watu, haikutaka kufunga mlango. Alimweleza Henri kwa upole, kama anavyoelezwa mtumishi wa nyumbani, kwamba jedwali ni zuri, ni zuri sana, lakini ni la Flandre. Huku hali ya hewa ni nyingine, na mwili wa mtu mweusi una desturi zake. Panahitajika marekebisho madogo. Kwa kila mtu atoe thelathini.

Henri akauliza kwa nini thelathini. Daktari akasema kwa sababu thelathini inatosha.

Nilijua Henri atasema ndiyo. Amesema ndiyo kwa kila Mzungu tangu ubatizo. Lakini nadhani lile jedwali ndilo kitu pekee duniani alichokipenda, na sasa mtu alikuwa ameligusa. Alijibu kwa Kifaransa chake cha masista, polepole, bila ukali.

"Daktari, jedwali halidanganyi. Wale wazee wa Flandre walikuwa wamefanya kazi miaka sitini. Hawa wamefanya kumi na mitano."

Mkasi ulinitoka mkononi ukaanguka kwenye sinia. Hakuna aliyegeuka. Sidhani Henri alijua alichokisema. Alikuwa anatetea namba zake, basi. Lakini daktari alijua. Alikaa akiitazama ile taarifa, halafu akaifunga, akasema atairekebisha yeye mwenyewe na Henri anaweza kurudi kwenye watoto.

Marekebisho yalikuja Jumatatu, yamepigwa kwa mashine na kubandikwa ubaoni. Sabini na mbili ukitoa thelathini ni arobaini na mbili. Nilisoma jina langu mara tatu kwa kidole. Mulumba Stanislas, miaka arobaini na miwili. Kampani ilikuwa imenipa minne ambayo hata mama yangu hakunipa. Numbi alikuwa na thelathini na mmoja. Mia tatu na zaidi walirudi kuwa vijana asubuhi ile, wakaenda kazini.

Waliobaki juu ya hamsini walikuwa ishirini na saba, karibu wote watu wa mashine za kutoboa mwamba. Themanini na mmoja ukitoa thelathini ni hamsini na mmoja. Omer Kisimba alipewa mwezi mmoja na nusu afungashe.

Alikuja kwangu jioni ileile na cheti chake cha ubatizo kwenye bahasha. Hakuwa na hasira. Alidhani ni kosa la karani, kitu cha kusahihisha kwa kalamu. Aliniomba niongee na mpwa wangu, au na daktari, niwaonyeshe tarehe ya mapadri. Mimi nilikuwa mtu wa hospitali, wangenisikiliza. Nilichukua bahasha nikamwambia nitasema.

Sikusema. Wangefungua karatasi ya Omer, wangefungua na nyingine. Wangeulizana vitabu vinasema nini, na changu kilisema hamsini. Kila asubuhi niliitia ile bahasha mfukoni, na kila jioni niliirudisha chini ya mto. Nilipokutana na Valérie kwenye bomba la maji nilimwambia daktari yuko safarini. Siku nyingine nilimwambia daktari anafikiria. Niliona haya, na bado nilinyamaza. Mtu akisema haya huponya, aje aniulize mimi.

Wakati huohuo Henri alipanda cheo. Daktari hakutaka tena kumwona hospitalini, na hakuwa na njia ya kumfukuza mtu mwenye diploma ya Ulaya. Mungu akamletea mama wa direkta, mkurugenzi wa Kampani. Alishuka kutoka kwenye ndege mwezi wa kumi, bibi wa miaka themanini na minne, kutoka kijijini huko Flandre, asiyejua Kifaransa. Alipokuwa akiita kwa Kiflamanki chake, nyumba nzima ya watumishi ilikimbia huku na huku ikimletea chai, mwavuli na mbwa. Henri alipelekwa kule. Bibi aliposikia mtu mweusi anamwambia habari za asubuhi kwa lugha ya masista wa kwao, alilia, akaomba supu.

Ikabaki shida ndogo ya kumwandika kitabuni. Muuguzi mweusi wa mgonjwa mweupe hakuwa na mstari. Karani alitafuta, akauliza, akaandika alichokuta: boy, daraja la kwanza. Miaka mitatu ya Ulaya, jedwali la alama kumi na mbili, na bomba la bati, vikaingia kwenye mstari mmoja na mpishi. Mbelu aliwaambia wanawake wa Manika kwamba mwanawe ni daktari wa mama wa direkta, na kwa mara ya kwanza katika habari hii yote alikaribia ukweli.

Henri alikuja kunitembelea Jumapili moja, anang'aa. Alikuwa amempima bibi kwa jedwali, kwa kupenda tu sayansi. Bibi alibana mpira kwa nguvu. Aliinuka kitini bila kushika popote. Ngozi ililala vizuri.

"Makumi tano na munane, mujomba," alisema. "Myaka makumi munane na ine, na jedwali inasema makumi tano na munane."

"Na Omer ulimuandikaka ngapi?" nikamwuliza.

Alifunga daftari lake. Tulikaa pale, watu wawili wa hospitali. Ile bahasha ilikuwa chini ya mto, hatua tano kutoka alipokaa, na hata yeye sikumwonyesha.

Gari la moshi la Omer liliondoka Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi, mvua ikinyunya. Nilikwenda stesheni kwa sababu kutokwenda kungeonekana vibaya. Nilimrudishia bahasha yake nikamwambia nimejitahidi sana. Akaitia ndani ya koti bila kuifungua. Valérie alikuwa amekwisha kupanda na masufuria na lile blanketi la Kampani.

Kidato cha behewa lile kiko juu. Omer aliinua mguu, akashindwa, akapumzika, akajaribu tena. Watu nyuma wakaanza kunung'unika. Nikamshika kiunoni nimwinue, kama ninavyofanya wodini. Kitu kikakatika mgongoni kwangu, chini hapa, nikabaki nimeinama nimeshika chuma cha behewa, sipandi wala sishuki. Kondakta aliniambia kijana kama mimi nisogee kama sina nguvu za kusaidia.

Henri alikuwa pale. Bibi alipenda kutazama magari ya moshi, na kila Alhamisi alimsukuma hadi stesheni kwenye kiti chake cha magurudumu, na mwavuli juu. Aliupa mkono wa bibi mwavuli, akaja. Hakunitazama. Alipitisha mkono mmoja chini ya kwapa la Omer, akaweka goti lake kati ya magoti ya Omer, akamwegemeza kifuani, akahesabu polepole kwa Kiflamanki: een, twee, drie. Omer alipanda bila kukohoa. Henri akamfuata ndani, akamkalisha dirishani, akamwekea blanketi mgongoni, akamfunga vifungo vya koti. Alichukua muda wake. Nyuma yetu bibi alikuwa akiita kwa sauti kali, mvua ikimwingia, na hakuna aliyeelewa anachosema isipokuwa mmoja ambaye hakugeuka.

Diploma ile ilitumika Kolwezi mara moja, kwa mtu wetu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Omer aliniita dirishani. Nilisogea nimejishika kiuno.

"Stani," alisema, "karatasi yako inasema uko na myaka ngapi?"

Alijua. Jina langu lilikuwa ubaoni juu ya lake. Nikamwambia makumi ine na mbili.

"Bon," alisema. "Siku utazeeka, utanikuta kule."

Gari likaondoka. Henri alirudi kwa bibi yake kuomba radhi. Sirage ilikuwa inanishuka shingoni pamoja na mvua, na aliyenipaka alikuwa ndani ya behewa. Nilirudi hospitali kwa miguu, kwa sababu kulikuwa na wagonjwa wa kuinua, na wodini kijana ni mimi.